Nilivyoingia udaktari wa meno na GPA ya 2.4, kanisa likiwa limeshashukuru kabla chuo hakijanijibu

Wakuu, salaam.

Najua humu ndani kila mtu alimaliza na First Class, kwa hiyo naomba wale wachache waliobaki tusogee pembeni tuzungumze. Ninayosimulia yamenitokea mimi mwenyewe hapa Durban. Asiyeamini apite zake kwa amani, hatutagombana.

Degree yangu ya kwanza ni BSc ya biolojia, niliisomea nyumbani Tanzania. GPA 2.4.

Siyo 3.4. Umesoma vizuri.

Sikuwa mgonjwa, sikufiwa, wala sikulogwa. Nilikuwa nasapu, yaani narudia mitihani, kama wenzangu wanavyokunywa chai, na mwaka wa pili nilinusurika disco, kufukuzwa chuo, kwa huruma ya Mungu na mhadhiri mmoja aliyechoka kuniona. Baadaye nikaja Durban kwa dada yangu, ana saluni mjini, nikawa nauza chaja na kava za simu kwenye kona ya saluni hiyo hiyo. Mwanasayansi huyo.

Sasa mtu wa namna hiyo anapata wapi wazo la kusoma udaktari wa meno? Nitafika huko.

Nilianza kwa kuomba ushauri, na hapo ndipo nilipokosea. Kuna rafiki yangu Mkenya, Kamau, anakaa mtaa wa Sydenham hapa hapa, anasoma PhD. Mnawajua watu wa PhD, wana jibu la kila kitu isipokuwa watamaliza lini. Akaniambia GPA kama yangu inafunikwa na personal statement kali. Nikaandika kwamba tangu utotoni nimekuwa na passion ya tabasamu za watu. Jamani, niliandika hivyo kwa mkono wangu.

Chuo kilinijibu haraka sana, nadhani hata hawakukaa chini. Hapana.

Mwaka uliofuata nikaomba tena. Safari hii kosa lilikuwa kumwambia dada.

Dada anasali kanisa la Wakongo, na pale hawangoji jambo litimie. Wanashukuru kwanza, kwa imani, halafu Mungu atajua mwenyewe namna ya kujipanga. Jumapili hiyo mchungaji akaniita mbele, akatangaza kwamba Bwana ametupatia daktari. Kwaya ikacheza. Mama mmoja akanivisha kitenge mabegani. Mimi nimesimama pale, application yangu hata haijafunguliwa na mtu, natabasamu nimefunga mdomo.

Hilo la kufunga mdomo mlikumbuke.

Kuanzia siku hiyo nikawa Docteur. Mtu anakuja kununua chaja, anapanua mdomo nimchungulie magego. Ndipo hofu ikanishika kweli kweli. Nikikataliwa mara hii, sikataliwi na chuo peke yake, nitakuwa nimemwangusha Mungu mbele ya kwaya.

Halafu ikaja email kwamba nimeitwa interview, kwa video. Sijui nani alibonyeza vibaya.

Siku chache kabla ya interview, Mama Neema akanijia. Huyu ni msusi wa pale saluni, mwanamke wa Bukavu, mpole sana. Mwanawe, Neema, yuko mgongoni, ana joto, anaharisha, hataki kunyonya. Akamshusha, akamfungua mdomo, akanionyesha ufizi wa chini. Umevimba, una vinundu viwili vyeupe.

"Docteur, angalia. Ni ile meno ya mubaya. Kuko mzee moja kule Isipingo anazitoaka. Nilisema nikuulize kwanza, juu weye uko munganga."

Wakuu, mliokulia Kigoma na kwingineko Maziwa Makuu mnayajua haya. Meno ya plastiki. Mtoto akiumwa, watu wanasema kuna meno mabaya chini ya ufizi ndiyo yanayomuua, basi yanachokolewa. Si mabaya wala si plastiki. Ni chonge zake mwenyewe, hazijakomaa.

Nilitakiwa nimjibu kitaalamu. Utaalamu nautoa wapi, nina 2.4. Nikafungua mdomo wangu.

Chini sina chonge hata moja. Bibi yangu alizitoa nikiwa mchanga, kwa spoku ya baiskeli, na za ukubwani hazikuota kabisa. Miaka yote nimekuwa nikicheka na kiganja mdomoni, na picha zangu zote nimenuna. Kamau alidhani ni maringo. Sikuwahi kumwambia mtu, niliona aibu. Na wazo la udaktari wa meno lilitoka humo humo.

Mama Neema akasogea, akachungulia. Akaniuliza kama iliuma. Nikamwambia kuumia sikumbuki, nakumbuka kuchekwa.

Kwa yule mzee wa Isipingo hakwenda. Tulikwenda kliniki, mimi mkalimani, maana nesi ana Kizulu na Kiingereza, na Mama Neema ana Kiswahili na Kifaransa. Lilikuwa tumbo tu. Mtoto akapewa dawa, na baada ya muda mfupi alikuwa anapiga kelele saluni kama mwenye nyumba.

Ikafika siku ya interview. Internet ya maana iko saluni, kwa hiyo nikakaa stoo, nyuma ya pazia, juu tai, chini kaptula. Dada akazima madraya yote. Wateja wakanyamaza, jambo ambalo halijawahi kutokea katika saluni yoyote duniani.

Walikuwa watatu. Mama mmoja mwenye miwani hakupoteza muda, akasema kwa Kiingereza kwamba ameona GPA yangu, kwa nini wanipe mimi nafasi inayogombewa na vijana wenye matokeo mazuri. Kamau alikuwa amenikaririsha jibu refu kuhusu potential. Nikalianza, nikajisikia mwongo. Nikaliacha. Nikamwambia GPA ni sahihi, hawajakosea kujumlisha.

Kisha nikasogea kwenye camera, nikafungua mdomo, nikawaeleza.

Yule mama akaniuliza ni nani aliyezitoa chonge hizo.

"Bibi yangu," nikamjibu. "Ndiye aliyenipenda kuliko watu wote."

"Na siku bibi kama huyo akija kwako na mjukuu wake, utamwambia nini?"

Nikamwambia nitaanza kwa kumkaribisha akae, halafu nitamwonyesha mapengo haya. Nikalia mbele ya kamati, na tai yangu ya kuazima. Nyuma ya pazia nikasikia mtu anapenga kamasi.

Nikachukuliwa, kwa masharti kibao. Kanisa likashukuru tena, ingawa mara hii kwaya ilicheza kivivu, kwao ilikuwa habari ya zamani. Mchungaji aliuliza tu, "Si nilisema?"

Funzo, kwa wanaopenda funzo: GPA mbaya haifunikwi na insha. Waliiona, wanaijua, na masomo ya chuoni yananikumbusha kila wiki kwa nini niliipata. Ila usiende kuomba nafasi na sababu ya kuazima wakati ya kwako unayo mdomoni. Kamau bado yuko kwenye PhD, tumwombee.

Likizo hii nimerudi Durban kutoka chuoni. Juzi nilimkamata Neema pale saluni, nikamtia kidole mdomoni nimkague, akaning'ata mpaka nikaruka. Chonge zote nne zipo, kali kabisa. Nilicheka sana, na nilipomaliza ndipo nikagundua kiganja hakikupanda mdomoni.

Haya, wenye First Class karibuni mnikosoe. Na wewe mwenye pengo kama langu, fungua mdomo hapo chini tuonane.