Mikorosho Kwenye Shamba la Mama

Kwetu Chilangala mwanaume akioa anahamia kwa mkewe. Ndivyo alivyofanya baba wa mtoto wangu. Alitoka Chiungutwa, upande wa Masasi, na begi lake na baiskeli, akapanda mikorosho kwenye shamba la mama yangu. Sitamnyima haki yake, alikuwa mchapakazi. Mashimo alichimba mwenyewe, na salfa, ile dawa ya mikorosho, alipuliza mpaka macho yakawa mekundu. Miti ilipoanza kuzaa vizuri akapata mke mwingine Masasi mjini, na mimi nikapewa talaka kwa simu.

Talaka sikuililia sana. Mtu akikuchoka amekuchoka. Niliyemlilia ni binti yangu, maana alikuwa amefaulu kwenda sekondari na shule iko mbali. Mtoto wa kike asipolala hosteli, ama apange chumba peke yake ugenini, ama atembee gizani kila alfajiri. Hosteli inataka mchango wa chakula. Mimi nalima mihogo na kunde, asubuhi nauza vitumbua. Nikaenda ustawi wa jamii Newala, nikasema namtaka baba mtu achangie hosteli, basi.

Tuliitwa masika, wakati ambao mkulima wa korosho anakopa hata chumvi. Yule bwana, ambaye msimu ukifunguliwa hunukia manukato kabla hujamwona, alikuja na shati lililochanika begani. Nililifahamu shati lile. Alipokuwa bado kwangu nilishalifanya tambara la kudekia.

Ofisa alikuwa kijana mpole, mgeni wa huku, mzaliwa wa mikoa ya kaskazini. Akamuuliza baba mtu shamba lake liko wapi.

"Sina shamba, mheshimiwa. Kwetu Chiungutwa mashamba ni ya dada zangu."

Na hakusema uongo! Huku ardhi inakwenda kwa wanawake, kwao hivyo hivyo. Akaulizwa kwa mwezi anapata kiasi gani. Akasema anabangaiza tu. Hapo nikashindwa kuvumilia.

"Na mikorosho je?"

Ofisa akanigeukia. "Mikorosho iko kwenye shamba la nani, mama?"

"La kwetu," nikajibu, kifua mbele. Mwanamke wa Kimakonde ukimuuliza ardhi ya mama yake ni ya nani, unategemea aseme nini?

"Basi mwenye kipato ni wewe," akasema, na akaandika.

Nikaanza kumweleza kwamba kwetu ardhi ni ya ukoo wa mama, lakini mti ni wa aliyeupanda hata kama ndoa imevunjika, na kwamba korosho zile anaokota yeye na kuuza yeye. Ofisa akatabasamu kama mtu anayesikiliza hadithi ya sungura. Kwao, alisema, mwenye ardhi ndiye mwenye mti. Baba mtu alikuwa anatazama dirishani. Neno moja tu kutoka kwake lingetosha, na hakulitoa. Akapangiwa kiasi cha kununulia sabuni na madaftari, na ofisa akanituliza kwamba kilichobaki nitajazia mwenyewe, kwa kuwa nina mikorosho.

Msimu ulipofunguliwa, mwenye shati bovu akaja shambani kwetu na magunia na vibarua. Nilisimama njiani na panga, na sioni aibu kulisema. Watu wakamwita mjomba wangu, kaka wa mama, ambaye ndiye mwenye kauli katika ukoo wetu.

"Mwache aokote," mjomba akasema.

"Shikamoo mjomba. Serikali imesema mikorosho hii ni yangu."

"Marahaba, mwanangu. Serikali haikuchimba mashimo. Tukimnyang'anya huyu jasho lake, nani mwingine atakuja kuoa kwetu?"

Nikaweka panga chini. Mjomba hakunionea, alisema yaliyo desturi, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Ofisini mikorosho ni yangu, nisidai. Shambani ni ya bwana yule, nisiguse. Mtu mmoja amekunywa maji ya visima viwili na mwanangu ana kiu.

Hosteli binti hakuikanyaga. Anaondoka gizani, nami situlii mpaka nimwone karudi. Sketi ya sare ikamchakaa. Jumamosi moja akaniaga kwamba anakwenda kuokota korosho za baba yake, kwa sababu vibarua walikuwa haba na malipo ni kwa debe. Nilimkataza kwa ukali. Akaniuliza, bila kiburi, sketi nyingine itatoka wapi.

Aliokota Jumamosi zote za msimu, mgongo umeinama, kwenye ardhi ya bibi yake. Baba alimlipa kama alivyowalipa wengine. Siku moja alilikataa debe lake kwa sababu korosho zilikuwa bado na vipande vya bibo, lile tunda lake. Haki ni haki, alimwambia, siwezi kuwapendelea watoto wangu.

Sketi ikapatikana. Nikarudi ustawi wa jamii kuomba hesabu ifanywe upya, safari hii pamoja na binti ili wamwone mwenyewe. Ofisa akamsifu kwa usafi, akamuuliza nani amemshonea sare.

"Nilimwokotea baba korosho," binti akasema.

"Kwa hiyo hela alikupa baba?"

Nimemfundisha kutosema uongo. Akanitazama kwanza, kisha akajibu, "Ndiyo."

Nilipaza sauti kwamba ule ni ujira, kwamba mtoto aliufanyia kazi juani. Ofisa aliniomba nitulie. Akaandika kwamba baba anachangia mavazi, akasema mzazi mwenzangu ameonyesha nia njema na haoni sababu ya kumwongezea mzigo.

Tukatoka. Tulikuwa tumeshafika barabarani binti aliponiuliza kama msimu ujao aendelee kuokota au aache, maana akiokota nyingi itaonekana baba yake anatoa sana.