Usiiguse Njia ya Nne

Mdogo wake, bibi harusi mwenyewe, alimpa sharti moja tu kwa siku ya harusi: akae.

"Leo wewe ni dada yangu, si fundi mitambo. Picha zote za ukoo huu kiti chako kitupu, watu watadhani tulikukodi!"

Kukaa! Kana kwamba ni jambo dogo. Mwanamke huyu amezoea harusi akiwa nyuma ya mashine ya kuchanganyia sauti, waya begani, sahani yake ikipoa juu ya spika. Sasa amevalishwa gauni la kubana na viatu vya kuazima, kaketishwa meza ya mbele, na miguu haitulii. Spika ikikoroma kidogo tu, anashtuka. Mara mbili alinyanyuka, mara mbili mdogo wake akamvuta gauni.

Kazi alimwachia fundi mwenzake, waliyembatiza Kelele kwa sababu haongei. Mashine ilikuwa ya dada, imetolewa asubuhi ileile chumbani kwake, alikokuwa akiitumia kumrekodi baba yao. Baba alipougua, sauti ilimrudi nusu, na daktari hakuficha kwamba hata hiyo nusu inakwenda. Ndiyo maana alimtengea njia yake mwenyewe ya maiki kwenye mashine, ya nne, akairekebisha kwa subira mpaka kila neno likasikika, akabandika utepe ulioandikwa BABA. Asubuhi alimwagiza Kelele neno moja: "Kwenye zote fanya upendavyo, ila ya nne usiiguse."

Baba akapanda jukwaani, akashika maiki. Midomo ikacheza. Hakuna aliyesikia kitu, hata meza ya mbele.

"Mzee, hatusikii!" mtu akaita kutoka nyuma.

Kelele akapandisha sauti ya spika zote. Kimya. Akatikisa waya, akaanza kutafuta maiki nyingine. Baba, ambaye hajui kulalamika, aliendelea tu, na kila sentensi ilimla pumzi ambayo hakuwa nayo.

Hapo dada akakumbuka. Chumbani huwezi kurekodi na spika zimefunguliwa, sauti itarudi kwenye maiki na kupiga mluzi. Kwa hiyo njia ya nne aliizuia isifike kwenye spika, iende kwenye kinasa sauti cha mashine peke yake. Kitufe kimoja, kidogo kama punje ya mahindi. Hakukirudisha, na Kelele, mtu mtiifu, hakugusa.

"Ni mimi," alisema. "Nimemziba baba mdomo mwenyewe."

Mkono wa mdogo wake ulikuwa bado umeng'ang'ania gauni. Wakatazamana. Bibi harusi akaachia. "Nenda, Dada. Upesi!"

Alivua viatu akakimbia. Akabonyeza kitufe, na sauti ya baba ikafunguka ukumbini, nyembamba, yenye mikwaruzo, lakini yake kabisa: "...basi, hayo ndiyo niliyotaka kumwambia mwanangu mkubwa." Mzee akakitazama kiti cha binti. "Ah! Kaenda wapi tena huyu?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Dada hakucheka. Wakamwomba mzee arudie, akatikisa kichwa. Pumzi haikutosha. Aliwabariki maharusi kwa maneno machache, akashuka.

Dada alirudi kitini peku, akakaa hadi mwisho kama alivyoahidi. Alikuwa kama amekalia misumari. Taa ya kinasa sauti ilikuwa inawaka tangu mwanzo. Maneno ya baba yalikuwa mle, na yeye alikuwa hajayasikia.

Asubuhi iliyofuata alivaa vipokea sauti, akasikiliza akiwa amesimama.

"Leo nimemwona mwanangu mkubwa amekaa," baba alisema. "Huyu watu wote anawafanya wasikike. Sisi yeye hatujawahi kumsikia. Sijui hata kama ana raha."

Akakaa kitandani. Akasimama. Akarudia kusikiliza, machozi yakamshinda.

Akaenda chumbani kwa baba, akavuta kigoda. Mzee alifungua kinywa kumsalimia, sauti haikutoka. Asubuhi ile haikuamka naye. Akamshika mkono tu, akangoja.

Mikono ya binti ikatafuta kitu cha kurekebisha, haikupata.

"Shikamoo, Baba," akasema. "Sina raha." Akaanza kueleza.