Mtandao wa Nyumba Nzima

“We dada, nenda ndani, mtoto wako kaamka. Anavuta chandarua.”

Aliyesema ni mteja wa chai, mwanaume nisiyemjua, kakaa kwenye benchi la mgahawa wa mwenye nyumba wangu. Chumba changu kiko uani na mlango nilikuwa nimeufunga. Nikamuuliza kajuaje. Akanigeuzia simu: mwanangu huyo, kitandani. Kitanda hichohicho ninachokalia nikinyonyesha, ninachovalia nguo kando yake.

Uvumilivu ukaniishia palepale.

Kamera niliinunua ili nishone nguo barazani huku namwona mtoto. Muuzaji aliniambia haihitaji nywila, picha haitoki nje ya mtandao wa nyumba. Na kweli haikutoka. Ila nywila ya mtandao huo mwenye nyumba kaiandika kwa chaki ukutani, juu ya birika. Kila anayekunywa chai hapa Mandewa kapewa. Ukarimu, anasema, kama maji ya kunawa.

Nilishamwomba mara mbili autenge, tangu simu za wateja zilipoanza kupiga nyimbo kwenye spika yangu. Hata fundi wa intaneti alimweleza: kifaa chako kinatoa mitandao miwili, wateja wapate intaneti yao huku, vyumba vya wapangaji wasivione. Kazi ya nusu saa. Mwenye nyumba akakataa.

“Shikamoo baba,” nilimwanza mwenye nyumba, mtoto nimeshamchukua, maana nimelelewa.

“Marahaba mwanangu.”

“Tenga mtandao leo.”

“Nyumba moja, mtandao mmoja. Ukigawa, umeleta fitina.”

“Mbona jiko kila mpangaji ana lake na hatujapigana?”

Benchi zima likacheka. Mpangaji mwenzangu akadakia, “Mama, kama huna cha kuficha unaogopa nini?”

“Basi kesho oga mlango wazi, jirani. Tutakuja na vikombe vyetu.”

Mwenye nyumba akasema nizime kamera yangu, yaishe. Nikaizima. Hayakuisha. Nikambeba mtoto mgongoni hadi ofisi ya mtaa. Mtendaji akauliza kama hatuwezi kuyamaliza nyumbani. Nikaomba karatasi, nikaandika:

“Nalalamika kwamba mwenye nyumba amekataa kutenga mtandao wa wapangaji na wa wateja wake, hivyo mtu nisiyemjua amemwona mwanangu chumbani bila idhini yangu. Naomba aagizwe kuweka mtandao wa wateja usiofika vyumbani, na wa wapangaji ambao chumba kimoja hakioni kingine, wenye nywila isiyoandikwa ukutani. Naomba jibu kwa maandishi, na nakala yangu igongwe muhuri leo.”