Kidari cha Baba

Kwetu Machame mbuzi wa Krismasi hagawiwi ovyo. Kila kiungo kina mwenyewe, na kidari, ile nyama ya kifuani yenye mifupa laini na mafuta yake, ni cha baba. Mwana aliyekwisha kujitegemea humpelekea baba yake kwa mkono wake mwenyewe. Baba hakiombi, na akijinunulia buchani basi anastahili kuchekwa. Mimi nimeishi Birmingham miaka zaidi ya thelathini, na marehemu baba yangu sikumpelekea hata mkia. Lakini kila Krismasi nilipompigia simu aliniambia, "Chako nimekila." Nilidhani ni utani wa wazee. Nilikuwa nacheka, namuuliza habari za mvua.

Mke wangu alipokuwa hai, mambo hayo aliyashika yeye. Kila Desemba tulikwenda Small Heath, kwenye bucha moja ya Barabara ya Coventry, tukanunua mbuzi mzima, naye akasimama mbele ya kaunta kuhakikisha mnyama wetu hapitishwi kwenye msumeno wa umeme. Wateja wengi pale hutaka vipande vidogo vya mchuzi, na ukishakatiwa hivyo huwezi tena kujua kirahisi lipi ni bega na lipi ni paja. Kidari alikitia kwenye mfuko wake peke yake. Siku yenyewe alikipika, akampa mwanetu sahani aniletee. Mtoto alitembea hatua sita kutoka jikoni, akaiweka mbele yangu, akarudi kwenye katuni zake. Nami nilijiona mtu mzima mwenye mji wake.

Mke wangu alifariki baridi ilipokuwa inakaribia kuisha. Krismasi iliyofuata nilibeba mbuzi mwenyewe, nikampika mwenyewe, nikamwita mwanangu aje kutoka Perry Barr, anakoishi na mkewe na binti yao mdogo. Kidari nilikiacha kwenye sahani jikoni, nikangoja akichukue. Hakuinuka. Nikamkumbusha. Akanijibu kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakielewa lakini ulimi wake umekulia huku, kwamba nyama ni nyama, nikachukue tu, kuna ubaya gani.

Mimi hasira zangu ziko karibu. Nilimwambia mbele ya mkewe, "Basi usirudi hapa mpaka siku utakayoniletea kidari changu."

Alivaa viatu, akamvika mtoto kofia, wakaondoka. Tangu siku hiyo tukawa watu wa kuandikiana kwenye simu: uko salama, niko salama. Mwaka mzima ukaisha hivyo.

Desemba iliporudi sikununua mbuzi. Nilishasema neno langu, na kulirudisha mdomoni sikuweza. Ndani mlikuwa na mkate, mayai, na nusu kopo la maharage.

Siku ya Krismasi hakuna basi wala treni. Stesheni ya Stechford, ambayo mwaka mzima naisikia nikiwa kitandani, ilikuwa kimya. Sisi watu wa mlimani hujisifu kwamba baridi tunaijua, lakini ya huku haina adabu, inakufuata mpaka ndani ya soksi. Nilisimama dirishani tangu saa tatu asubuhi. Jirani wa kulia alipokea wageni na mifuko ya zawadi, wa kushoto vilevile. Kila gari lililopunguza mwendo nilijua ndilo, halafu silo. Saa nane nilivaa koti, nikafika getini, nikarudi. Perry Barr kwa miguu ni mbali, na hata ningefika ningesema nini? Niseme ukweli, nilikuwa mpweke kiasi cha kumjibu mtangazaji wa televisheni alipotutakia sikukuu njema. Mwanangu nilimtaka kuliko nyama yoyote, na aliyemfukuza ni mimi.

Saa tisa na nusu, giza likianza kuingia, kengele ya mlango ililia. Alikuwa yeye, ameshika mfuko wa plastiki wa bluu kwa mikono miwili. Nyuma yake gari lilikuwa linanguruma, mkewe na mtoto wamo ndani; kwa wakwe zake meza ilishaandaliwa na walikuwa wamechelewa. Mjukuu wangu alinipungia mkono kupitia kioo.

"Baba," alisema, tena kwa Kiswahili, "nimekuletea kidari."

Tuliingia jikoni. Alinieleza, akichanganya lugha zote mbili, kwamba alimpigia simu shangazi yake wa Moshi kumuuliza hicho kidari ni nyama ipi hasa. Kisha akaenda kwenye bucha ile ile ya mama yake. Alijigusa kifuani ili mchinjaji amwelewe. Alipoulizwa kama akatiwe vipande vya mchuzi akasema ndiyo, kwa kuwa hakujua kama kuna ubaya. Alitaka kujua kama ameharibu.

Nilifungua mfuko, nikageuzageuza vipande. Nyama ilikuwa nyekundu, kavu, na mifupa mizito ya mviringo yenye uboho katikati. Hapakuwa na ubavu hata mmoja, wala mfupa laini, wala mafuta. Lilikuwa paja tupu, mwanzo mpaka mwisho. Pengine mifuko ilibadilishana pale kaunta, pengine mchinjaji hakumwelewa. Kidari changu kilikuwa kinachemka kwenye sufuria ya mtu nisiyemjua. Niliinua macho. Mwanangu alikuwa anaitazama mikono yangu, kama mama yake alivyokuwa akinitazama ninapoonja chumvi.

"Ndicho," nilimwambia. "Ndicho chenyewe."

Alishusha pumzi, akanikumbatia na koti lake lenye baridi. Nilimbariki kwa Kichagga, maneno ambayo babu yake angembariki nayo. Akaniomba niende nao. Nilimwambia aliyeletewa kidari hukaa kwake akakila, na yeye aende, watu wasije wakala chakula kimepoa. Kusema kweli niliogopa kwamba kule hawakuniwekea kiti.

Paja lilichukua saa mbili kulainika, kwa chumvi na kitunguu tu. Nililila peke yangu, kiti cha mke wangu kikiwa kimenielekea. Saa moja jioni mwanangu alipiga simu, nyuma yake vicheko na kelele za vijiko. Aliuliza, safari hii kwa Kiingereza, kama nyama ilikuwa sawa.

"Chako nimekila," nilimwambia.

Alicheka, akaniuliza kama upande wangu theluji imeanza kuanguka. Hapo ndipo nilipomlilia baba yangu, kimya kimya, simu ikiwa sikioni, nikamjibu mwanangu kwamba bado.