Kikohozi cha Bibi

Juzi gari la matangazo lilipita mtaani likikataza kufuga ovyo kwenye makazi, nami nikakumbuka harufu ya manyoya na moshi jikoni kwetu Sofu nilipokuwa mtoto.

Kuku ambaye bibi alitujia naye kutoka Mzenga alikuwa akiatamia pembeni mwa jiko. Mchana ule bwana afya alikuwa akikagua nyumba hadi nyumba, na mbuzi wa jirani walikuwa wameshafungwa kamba na kuchukuliwa. Mama alitaka kumficha kuku chini ya kitanda.

“Ukimhamisha, mayai yatakuwa viza,” bibi alisema. Akavuta kigoda, akaketi mbele ya kuku na kutandaza kanga mpaka sakafuni.

Bwana afya aliingia. “Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu.”

Kuku akalia taratibu nyuma ya kanga. Bibi akakohoa. Kuku akalia tena, bibi akakohoa kwa nguvu zaidi. Mimi niliamini kwamba bibi naye angefungwa kamba.

Bwana afya aliitazama ile kanga kwa muda mrefu.

“Mpeni bibi mtama, kikohozi kitatulia,” alimwambia mama mlangoni. “Akipona, mrudisheni shamba.”

Nilikimbia kuchota mtama, nikampelekea bibi pamoja na kikombe cha maji, nikamsihi ameze. Bibi aliupokea, akafunua kanga, akaumwaga wote sakafuni.

Nililia sana. Niliona hataki kupona.