Inshirah na Neno "Kupumzika"

Kabla ya kubisha hodi, Inshirah Abdelal anavua viatu na kuvigeuza vitazame barabarani. Akifukuzwa, hatahangaika navyo.

Ni saa nne asubuhi katika kijiji kimoja cha Sohag, kusini mwa Misri. Inshirah, mwenye miaka 38, ametumwa na kituo cha afya. Anapita nyumba kwa nyumba kuzungumza na wanawake kuhusu uzazi wa mpango, ingawa maneno hayo hayatamki. Wala hasemi "kuzuia". Husema "kupumzika".

"Nikisema kuzuia, wananiona namkataza Mungu," anaeleza. "Nikisema kupumzika, naletewa chai."

Leo amepanda ngazi za nyumba hii kumfuata Sabrin, mama wa watoto wanne. Alipojifungua wa mwisho, miezi saba iliyopita, alivuja damu nusura afe. Daktari alimtaka asibebe mimba nyingine kwa miaka mitatu. Mumewe, fundi ujenzi Kuwait, anarudi wiki ijayo kula Sikukuu.

"Vidonge ninavyo," Sabrin ananong'ona. "Nitaanza siku atakayofika."

"Kwa nini si leo?"

"Leo nimeze vya nini, dada? Mwanamume mwenyewe yuko Kuwait."

Wake wengi wa wasafiri hufanya hivyo, na ndivyo Sabrin alivyopata mimba zake mbili za mwisho. Inshirah anamweleza kuwa siku hiyo atakuwa amechelewa, kwani vidonge huchukua kama wiki kuanza kukinga. Kitanzi, kinachowekwa ndani ya mfuko wa uzazi, kingemfaa zaidi. Daktari wa kukiweka huja kituoni Jumapili. Ila Sabrin hatoki bila ruhusa ya mama mkwe.

Naye mama mkwe, Haja Fawkiya, yuko uani akianika madonge ya mkate juani yaumuke kabla ya kuokwa. Amesikia yote kupitia dirishani.

"We Inshirah, huna mtoto hata mmoja. Unamfundisha mwenzio kupumzika, wewe umechoshwa na nini?"

"Na ngazi zako, Haja."

Haja anajizuia asicheke, anashindwa.

"Na wewe ulipokuwa unazaa," Inshirah anauliza, "nani alikupumzisha?"

Haja anageuza donge moja, kisha jingine.

"Nilizaa tisa. Hakuna aliyeniuliza." Anajipangusa unga mikononi. "Jumapili nitampeleka mwenyewe. Mwanangu niachie mimi. Nitamwambia mkewe anapumzika."

Sabrin anamkumbatia mtoto.

Nje, Inshirah anasema anachoomba ni hiyo miaka mitatu ya Sabrin ipite salama. Baada ya hapo, mwenyewe ataamua.

Kuhusu kutokuwa na mtoto, katika miaka kumi na tano ya ndoa, amezoea kujibu kwa mzaha. Leo hafanyi mzaha.

"Hata mume wangu sijamwambia. Mwanamke akiniambia amechoka kuzaa, namwonea wivu. Namsaidia kwa moyo wote, na wivu uko palepale."