Pikapu Niliyoiwekea Upepo

Mtu aliyevunja mgongo wa mke wangu yuko hai, analima mpunga Chara, na tukikutana soko la Garsen yeye ndiye hutangulia kunisalimia. Jina lake siliandiki hapa. Waliokuwa ndani ya gari lile wanalijua, na yeye mwenyewe akisomewa haya atajijua.

Alikuwa na pikapu ya kubeba watu na magunia kutoka Chara mpaka Garsen. Jani kubwa la springi ya nyuma lilikuwa limevunjika. Badala ya kutafuta jingine, akakata tyubu ya tairi vipande virefu, akalifunga, akakaza na waya, akapakia watu. Mimi nilikuwa nyuma nimeshikilia chuma, mke wangu amekaa juu ya gunia. Tulipokuwa tunashuka tuta, springi ikaachia, ekseli ikavutwa upande mmoja, gari likalala mtaroni. Mama mmoja jirani yetu hakuamka tena. Mimi nilitoka na mbavu zilizovunjika na hili kovu la usoni. Mke wangu alitoka hawezi kusimama. Nikiwa nimelala pale chini niliona ile mipira inaning'inia chini ya gari kama matumbo ya mbuzi.

Kamati ya wazee ilikuja kwangu. Wakala mbuzi ambaye yule mwenye gari ndiye aliyemleta, wakapangusa mikono, wakasema yaishe.

"Ndugu yangu," mwenyekiti wao akaniambia, "hii ni ajali. Usimtafute mtu kwa jambo la Mungu."

"Mwenyekiti," nikamjibu, "Mungu hakufunga springi kwa mpira."

Wakanikemea eti nina kiburi. Shule mimi niliishia darasa la nne, lakini kiburi na ukweli najua kuvitenganisha. Huyo mwenyekiti ana sehemu yake. Na yule askari wa kizuizi, aliyekuwa akiinama dirishani kila safari kuchukua chake na asiiname hata mara moja kutazama chini ya gari, naye ana sehemu yake.

Mke wangu alijifunza kutembea upya kwa mkongojo, kutoka kitandani mpaka jikoni, jikoni mpaka chini ya mwembe, basi. Gari hakuliweza. Anayeijua njia yetu ataelewa. Mvua ikinyesha ng'ombe hupita kwa mamia kwenye ule udongo mweusi, na jua likirudi kila kwato inabaki shimo, gumu kama saruji. Unaendesha juu ya meno. Mama yake mzazi yuko Idsowe, macho yameisha, hawezi kuja. Huyu hawezi kwenda. Walikuwa wakiongea kwa simu, mmoja analia huku na mwingine analia kule. Siku moja nikamwambia nitamtandikia godoro nyuma ya gari la kukodi, alale mpaka afike.

"Mimi si maiti," akasema. "Nikienda kwa mama nitakwenda nimekaa."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niitafute pikapu. Nilipata moja kuukuu, ya zile kubwa za kazi nzito, iliyokuwa ya watu wa kuchimba visima. Injini nzima, bodi imeoza pembeni, na springi zake ngumu kama reli. Nikaipeleka Madogo, kwenye magereji ya malori, kwa fundi mmoja wa mabasi.

"Mzee, unataka niinyanyue upakie zaidi?" akaniuliza. "Wote wanaokuja hapa wanataka hivyo."

"Sitaki kupakia. Nataka mtu mwenye mgongo mbovu akae kiti cha mbele na asilie."

Akanitazama, akatupa mswaki wa mti aliokuwa akiutafuna. "Hiyo sijawahi kuambiwa. Ngoja basi."

Akatoa majani ya springi mbele na nyuma, akaacha machache ya kushika ekseli tu. Akachomelea vikalio vya chuma kwenye chesisi, akaweka mifuko minne ya mpira aliyoitoa kwenye trela bovu. Chini ya bodi akafunga tangi la upepo na kompresa ya kulijaza, na kando ya gia akaweka swichi ya kujaza na kutoa upepo, na geji ya kuupimia. Akanionya: mifuko ikiwa na upepo kiasi, gari linaelea. Ukijaza mpaka mwisho, linakuwa jiwe, baya kuliko springi.

Nilipoingia nalo Chara walinicheka sana. "Mzee amefunga maputo chini ya gari!" Wakanibandika jina, Bwana Puto. Nikawaacha. Nilimzungusha mke wangu shambani, polepole, amekaa, mikono miwili juu ya dashibodi. Aliporudi aliingia ndani moja kwa moja. Akaenda kuchagua kanga ya kuvaa Idsowe.

Asubuhi ya safari alikuwa ameshakaa kitini, mkongojo kati ya magoti, nilipoona majirani wanakuja wamebeba kitanda. Juu ya kitanda ni yule yule wa springi ya mpira. Ameteleza kwenye ukingo wa mfereji wa mpunga, mfupa wa paja umevunjika.

"Ndugu yangu," akasema, jasho linamtoka, "wanasema gari yako ndiyo laini peke yake. Nifikishe hospitali Garsen."

Mdomo wangu ulikuwa tayari na jibu. Mke wangu akanitangulia dirishani. "Mpakieni nyuma," akasema. "Njia ni moja."

Wakampakia, wenzake wawili wakapanda naye. Nikaendesha. Dirisha la nyuma ya kichwa changu halina kioo, nilikuwa nikisikia hata anavyopumua. Gari lilikuwa linaelea. Kila kwato tuliyopita, nilifikiri: huyu anastareheka. Mke wangu alipotolewa mtaroni alivingirishwa kwenye jamvi, akapelekwa kwa trekta. Huyu anabebwa juu ya upepo wangu.

Tulipofika kwenye kipande kibaya zaidi nikabonyeza swichi. Kompresa ikanguruma, sindano ya geji ikapanda mpaka mwisho. Gari likaanza kugonga.

"Baba watoto, mbona limekuwa gumu?" mke wangu akauliza.

"Njia mbaya."

Nyuma yule mgonjwa akapiga kelele. "Ndugu yangu! Pole pole!"

"Ile springi," nikamwambia bila kugeuka, "ulijua imevunjika?"

"Ilikuwa ajali—" Tukaingia shimo. "Yesu!"

"Ulijua?"

"Nilijua! Nilijua, bwana! Nilitaka mavuno yaishe kwanza! Pole pole, nakufa!"

Miaka yote kamati ilikuwa ikiniambia hakujua. Sasa limetoka kinywani mwake, na mashahidi wawili wameketi kichwani pake. Nikageuka nimwambie mke wangu, nikamkuta ameshika dashibodi, uso umepauka, machozi yanamwagika mpaka shingoni.

"Toa upepo," akasema.

"Umesikia alivyosema?"

"Nimesikia. Toa upepo."

"Mama, siku zote hizi wanasema—"

"Mgongo ni wangu!" Sijawahi kumsikia akipaza sauti vile. "Mnapigana nyinyi wawili juu ya mgongo wangu! Toa!"

Nikatoa. Mifuko ikapumua, gari likalainika, nikaendesha polepole mpaka hospitali ya Garsen. Walipomteremsha yule mtu hakunitazama. Baadaye aliiambia kamati kwamba mtu mwenye maumivu husema lolote. Wale wenzake wawili, walipoitwa, wakasema hawakusikia vizuri kwa sababu ya kompresa. Hao nao nawaweka hapa hapa, na mwenyekiti wao aliyewaitikia kwa kichwa.

Idsowe tulifika. Alifika amekaa, kama alivyotaka, lakini kushuka hakuweza. Mama yake akaletwa kwa kushikwa mkono mpaka mlangoni mwa gari, akampapasa uso kupitia dirishani, pua, mashavu, masikio, akauliza, "Mbona umelowa hivi?" Mke wangu akamwambia ni joto.

Usiulize kama nimemsamehe mtu yule. Sijamsamehe, wala sitamsamehe. Na maumivu ya siku ile pia, yaliyomlaza mke wangu kwa mama yake asiweze kugeuka, nayaweka juu yake yeye na mpira wake. Mke wangu hakubaliani na hesabu hiyo. Alisema hatapanda tena gari langu mpaka nifanye jambo moja.

Nikarudi Madogo. Fundi akalala chini ya dashibodi na bisibisi mdomoni, akahamisha swichi na geji, akavifunga kwenye mlango wa upande wa pili, pale mkono wa abiria unapofika.

"Mzee, sasa dereva atafikiaje?" akauliza.

"Dereva haimhusu," nikamwambia.